Namba isiyo na nukta: vipimo vya gari nilivyojifunza gereji

Ukiniuliza kwenye gari napenda vipimo vya kimetriki au vya Kiingereza, nitakuuliza kwanza: unaniandikia kwenye karatasi, au unanipigia kelele nikiwa chini ya gari? Jibu langu linabadilika. Nimesimamia magari ya utalii Arusha kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kupeleka spana, na msimamo wangu wa leo ni mchanganyiko ambao mwalimu wa fizikia angeufutia alama.

Spana ndizo zilizonifundisha. Nilipoingia gereji, fundi mkuu alikuwa mzee aliyekulia kwenye Land Rover. Boksi lake lilikuwa la inchi tupu: nusu, tisa ya kumi na sita, tano ya nane, robo tatu. Zile Land Rover za zamani za Series zilikuwa na bolti za uzi wa Kiingereza wa aina zaidi ya moja, na zilizokuja baadaye zikaanza kuchomekewa bolti za milimita hapa na pale, kiasi kwamba gari moja lingeweza kukudai maboksi mawili ya spana. Toyota ilikuwa dunia nyingine kabisa. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Kijana akizishika namba hizo tano, sehemu kubwa ya Land Cruiser inafunguka.

Mzee hakuzipenda milimita. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "hicho unachofungua ni gari au ni redio?" Na kwa mkono wake mwenyewe hakuwa na tatizo lolote. Aliitazama nati iliyojaa tope na grisi akakutajia kipimo chake bila kuigusa. Tatizo lilikuwa letu tuliokuwa tunampelekea. Yuko chini, mkono umenyooshwa nje, anasema, "Nipe tisa ya kumi na sita." Unampa. Haiingii. "Leta inayofuata." Inayofuata ni ipi? Hapo kijana aliyemaliza darasa la saba inambidi akumbuke hesabu za sehemu, aigeuze tano ya nane kuwa kumi ya kumi na sita, ndipo ajue kwamba ndiyo hiyo, na wakati huo oili chafu inamdondokea Mzee shingoni. Wengi tulikuwa tunabeba boksi zima tukaliweka karibu na kichwa chake, tukasubiri matusi.

Kwenye milimita hakuna cha kufikiri. Kumi na mbili ni ndogo, kumi na nne ni kubwa, mtoto wa chekechea anajua. Na jambo ambalo nililiona baadaye sana ni kwamba faida yake kubwa ni ya sauti. "Kumi na nne!" inasikika kuvuka uwanja wa gereji hata kama mtu anakata chuma kwa grenda. "Tisa ya kumi na sita!" inafika nusu. Unasikia "kumi na sita" tu, unaleta spana ya milimita 16, na bahati mbaya hiyo nayo ipo.

Na hapo sijagusa Whitworth, uzi wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa ambao bado ungeukuta kwenye vyuma vya zamani. Spana zake ziliandikwa kwa unene wa mwili wa bolti, si upana wa kichwa. Kwa hiyo spana iliyochongwa "1/4" mdomo wake ulizidi nusu inchi. Mzee alizitunza za kwake kwenye kitambaa peke yake, na hakuna kijana aliyeruhusiwa kuzigusa. Sikulalamika.

Ila kuna siri moja ambayo alitupa na bado naitumia. Baadhi ya vipimo vya pande hizi mbili ni ndugu. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 inaifungua bila ugomvi. Tano ya kumi na sita ni 7.94, hiyo ni 8. Inchi moja na moja ya kumi na sita ni 26.99, na ndiyo maana boksi spana ya 27 ya nati za magurudumu ya Land Rover inaweza kuazimwa kutoka upande wowote. Wengine wanafanana tu sura. Nusu inchi ni 12.7, na spana ya 13 inaivaa vizuri kabisa mpaka utakapokutana na nati yenye kutu. Hapo ule mwanya wa milimita 0.3 unakuwa wote wa kuteleza, pembe zinalika, kichwa kinakuwa duara, na kazi ya dakika mbili inageuka kuwa ya patasi na nyundo. Vichwa vingi vilivyoliwa ambavyo nimeletewa na madereva waliojitengenezea porini vilikuwa vya ndoa hiyo ya 13 na nusu inchi.

Kwa spana, basi, mimi ni mtu wa milimita. Lakini usishangilie mapema, kwa sababu ukiitazama racheti unayoizungushia soketi zako za milimita, ule mraba wake unaoingia kwenye soketi ni nusu inchi, au tatu ya nane, au robo. Imetengenezwa Japani, Ujerumani au China, mraba ni wa inchi. Sijawahi kusikia fundi akilalamika.

Upepo sasa. Hapa ndipo wageni wangu kutoka Ulaya hunishangaa. Mlango wa gari la Kijapani una kibandiko kinachosema kilopaskali 240, na pembeni kilo 2.4 kwa sentimita mraba. Magari ya Ulaya yanasema baa 2.4. Nenda kwa fundi pancha yeyote kuanzia Kwa Mromboo mpaka Namanga, mwambie, "Nitie mbili nukta nne." Atakutazama. Mwambie, "Tia thelathini na tano," na mpira wa kompresa utakuwa umeshachomekwa kabla hujamaliza. Hakuna anayetaja PSI. Hakuna anayejua ni pauni kwa inchi mraba, wala hahitaji kujua.

Nilipopewa usimamizi nilijaribu kuwahamisha. Nilibandika karatasi ya kilopaskali ofisini, nikanunua geji yenye mizani mbili, nikawaambia vijana kwamba sisi ni kampuni ya kisasa. Wakaniitikia, "Sawa, Mkuu," halafu wakatoka nje wakaendelea na thelathini na tano. Mwishowe nikaelewa kwamba wao ndio waliokuwa na hoja. Tofauti kati ya baa 2.4 na 2.5 ni karibu PSI moja na nusu, yaani ukitaka kuongeza kidogo inabidi uende kwenye nukta ya pili. Kilopaskali nazo zinakupa namba ya tarakimu tatu ambayo hatua yake moja ni ndogo mno kwa geji za mtaani, hakuna mtu anayeweza kutofautisha 240 na 243 kwenye kioo kilichojaa vumbi. PSI imeangukia katikati. Namba nzima, hatua moja ni hatua unayoweza kuiona kwenye sindano, na unaweza kuitaja wakati kompresa inanguruma. Dereva anayeingia kwenye barabara ya matuta ya Ngorongoro kwenda Serengeti akisema, "Punguza tano," wote wameelewa. Nikaitoa karatasi yangu.

Kwa hiyo pale pale nilipokataa inchi kwenye spana, nikaikubali kwenye tairi, na sababu ni ile ile: namba isiyo na nukta.

Tairi lenyewe limeshaturahisishia kwa kuchanganya kila kitu. Soma ubavuni: 265/70R16. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya urefu wa ubavu dhidi ya huo upana, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Michelin walijaribu kuitoa inchi hiyo katika miaka ya 1970 kwa tairi zao za TRX, zenye rimu za milimita 365, 390 na kadhalika. Magari kadhaa ya heshima yalizivaa. Leo mwenye gari la zamani lenye rimu hizo anatafuta tairi kama anatafuta dawa ya mganga. Nasi huku bado tunavalisha Land Cruiser 7.50R16, ambayo ni inchi mwanzo mpaka mwisho.

Nguvu za farasi nazipita haraka, kwa kuwa sijaona mtu aliyetengeneza gari kwa kuzijua. Farasi wa kimetriki, wa kwenye vipeperushi vya Wajapani na Wajerumani, ana wati 735.5. Farasi wa Mwingereza ana 745.7. Wanaobishania farasi watano vijiweni mara nyingi wanabishania farasi wa nchi mbili.

Kukaza ndiko kwenye hatari. Vitabu vya Toyota vinakupa namba tatu kwa bolti moja. Nati za magurudumu kwa modeli zao nyingi ndogo: nyutoni-mita 103, kilo-sentimita 1,050, pauni-futi 76. Zote ni kitu kimoja. Fundi mwenzetu mmoja alinunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya mtumba, nzuri, nzito, ya Kimarekani, mizani yake ni ya pauni-futi. Akasoma kitabu, akaona 103, akaiseti 103, akakaza gari zima kwa furaha. Alikuwa amezidisha kwa zaidi ya theluthi. Studi mbili ziliaga dunia siku tairi ilipotakiwa kutoka, na dereva alikuwa peke yake na wageni. Kinyume chake ningekiogopa zaidi: mtu asome 76 halafu aitie kwenye spana ya nyutoni-mita. Hiyo haikatiki ukaona. Inalegea taratibu barabarani.

Tangu hapo kila spana ya toki ya gereji yetu ina utepe mwekundu wenye maandishi makubwa ya kipimo chake, na kitabu cha kukazia tulikiandika upya kwa nyutoni-mita peke yake. Hapa sikuwapa vijana uhuru wa kuchagua. Upepo ukikosea kwa PSI mbili gari linarudi nyumbani. Kwenye kukaza, mazoea ya mtu hayana nafasi, na nyutoni-mita ndiyo inayopatikana kwenye vitabu vya magari yote tunayoyatumia.

Kuna jambo la maileji ambalo halihusu gereji yetu bali watu wanaoniomba ushauri wanapotaka kununua. Magari mengi hapa yanatoka Japani, na Japani ni kilomita, hakuna shida. Ila kuna wanaopenda Discovery na Range Rover, na hizo nyingi hutoka Uingereza zikiwa na usukani upande wetu. Dashibodi yake inahesabu maili. Mstaafu mmoja alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akiwa kwenye yadi, anafurahi: "Mdogo wangu, limetembea elfu tisini tu." Nikamwomba anitumie picha ya dashibodi. Mduara mkubwa wa nje wa spidi ulikuwa wa maili, kilomita zimeandikwa kwa herufi ndogo za ndani. Elfu tisini zake zilikuwa karibu kilomita 145,000.

Bei ilikuwa jambo moja. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alishaanza kupanga matengenezo kwa namba ile. Mikanda ya taiming ya dizeli nyingi tunaihesabia kilomita 100,000. Yeye alijiona bado ana kilomita elfu kumi za kupumua, kumbe kwa hesabu hiyo alishapitiliza kwa elfu arobaini na tano. Muuzaji hakusema uongo, alisema "elfu tisini", na ilikuwa elfu tisini kweli. Alilinunua hata hivyo, kwa bei iliyopungua, akabadilisha mkanda kabla ya kusafiri. Wiki za mwanzo alipigwa tochi na trafiki kwenye kibao cha 50, kwa kuwa sindano yake ilikuwa kwenye 50 kweli, ila 50 ya maili, ambayo ni kilomita 80 kwa saa. Hilo nilisahau kumwonya.

Mafuta ndiyo yaliyonibadilisha kabisa, na yalianzia kwa dereva wetu aliyerudi safari akiwa amechoka kwa ubishi. Alikuwa na wageni wa mchanganyiko, Waingereza wawili na Wamarekani wawili, na mmoja akamuuliza Land Cruiser inakulaje mafuta. Akajibu anavyojibu siku zote: lita moja kilomita sita. Wakatoa simu, wakapiga hesabu. Mwingereza akasema ni maili 17 kwa galoni. Mmarekani akasema ni 14. Wakabishana kutoka lango la Naabi mpaka Seronera, ndani ya Serengeti.

"Mkuu," akaniuliza, "nani kasema kweli?"

Wote wawili. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Maili yao ni moja, galoni ni mbili, na hawakuwa wameambiana. Dereva akacheka, akasema siku nyingine atawaambia tanki ni mbili na zimejaa, basi.

Lakini jibu lake la lita moja kilomita sita lilinikaa kichwani, kwa sababu ndivyo sote tunavyohesabu, Wajapani kwenye vipeperushi vyao na sisi kwenye vituo vya mafuta. Wakati ule mwenye kampuni alikuwa na fedha za kushughulikia gari moja kati ya mawili. Kulikuwa na lori letu la kubeba mahema na chakula, lililokuwa likienda kilomita 3 kwa lita. Kwa kutengeneza nozeli na kubadilisha matairi tuliamini litafika 3.5. Na kulikuwa na kigari cha ofisi cha kilomita 12 kwa lita, ambacho tungeweza kukibadilisha na kingine cha kilomita 15. Mwenye kampuni akaangalia: huku naongeza kilomita tatu, kule nusu. Akachagua kigari.

Nikakaa na daftari jioni ile nikaigeuza hesabu juu chini, nikaandika lita kwa kila kilomita 100 wanavyoandika Wazungu wa bara la Ulaya. Lori linatoka lita 33.3 kuja 28.6. Kigari kinatoka 8.3 kuja 6.7. Lori linaokoa karibu lita tano kila kilomita 100, kigari hakifiki mbili. Na lori ndilo lililokuwa likitembea zaidi. Nilipomwonyesha hakubishana, aliuliza tu kwa nini namba zile zile zilimdanganya asubuhi. Nilikuja kujua kwamba kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Larrick na Soll, waliochapisha jambo hilo hilo mwaka 2008 katika jarida la Science: watu wakipewa maili kwa galoni huthamini kuongezeka kwenye gari ambalo tayari linabana mafuta, na kudharau kuongezeka kwenye gari mlafi. Vibandiko vya magari mapya ya Marekani, kuanzia modeli za 2013, vinaonyesha pia galoni kwa kila maili 100.

Kwa hiyo daftari la mafuta la kampuni likahamia lita kwa kilomita 100, lenye nukta zake zote. Madereva wanaendelea kusema lita moja sita, lita moja saba, na siwasahihishi, kwa maana dereva anachotaka kujua ni kama atafika Lobo, kaskazini mwa Serengeti, na kurudi. Tanki mbili za lita 90, mara sita, anapata kilomita 1,080 kichwani bila kalamu. Mimi nalipa bili, yeye anaendesha. Kila mtu na kipimo chake, ilimradi tusichanganye kwenye safu moja.

Ugomvi wa sasa ni mpya. Ofisi imepata pikipiki ya umeme kwa ajili ya kupeleka nyaraka mjini, na kijana anayeiendesha ni mtoto wa dada yangu. Betri ni volti 72, ampea-saa 40, ambazo ukizidisha unapata kilowati-saa 2.88. Namtaka aandike kilowati-saa kwa kilomita 100, nilinganishe na petroli tuliyokuwa tunanunua. Yeye anaandika "betri moja, kilomita sabini". Namwambia betri si kipimo, ikichakaa itabaki inaitwa betri moja. Ananijibu, "Mjomba, thelathini na tano nayo si kipimo, na gari zako zote zinatembea nayo." Daftari la pikipiki kwa sasa lina safu mbili.